Wimbo Uliopunguzwa Mwendo

Medioni, Oran
Jumapili, baada ya alasiri

Kaka yangu mpendwa Miloud,

Amani ya Mungu ikufikie huko Marseille, wewe na shemeji Zoulikha na watoto. Vipi goti lako? Nasikia baridi imewafikia mapema mwaka huu. Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu; Kheira analalamika tu kwamba mimi mumewe nazeeka kwa kelele. Najua tunaongea kwa simu kila Ijumaa, lakini haya nikiyasema kwa mdomo utanikatiza kwa mzaha, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nimekufungia na santuri. Nyimbo zote ni zangu, ila mimi siimbi hata mmoja. Redouane, kijana wa hapa mtaani mwenye studio nyuma ya duka la karantika, ile yetu ya unga wa dengu, aliniomba ruhusa awagawie wanamuziki wengine, kila mmoja aufanye wimbo wake aonavyo. Nilikubali haraka. Nani asiyependa kukumbukwa angali hai? Mmoja kaweka ngoma za Wagnawa, mwingine gitaa linalolia kama mabati kwenye upepo. Nilicheka, nikawapigia makofi.

Kisha akanisikilizisha “Mlango Uko Wazi”. Unaujua mwenyewe, bibi harusi gani wa Oran ameingia kwa mumewe bila huo? Msichana aitwaye Sihem ameuimba taratibu, karibu bila ala, ungedhani yuko matangani. Nikapandwa na hasira. Nikamwambia Redouane autoe, la sivyo nafuta ruhusa ya zote. Akashika kichwa. “Ami Bouziane, kamwambie mwenyewe. Mimi siwezi kumvunja moyo.”

Basi kesho yake nikaenda studioni. Nilimkuta Sihem amesimama anakula karantika ndani ya mkate, vidole vimejaa mafuta. Hata salamu sikumaliza. Nikamwambia, “Binti, wimbo wangu umeuzika.”

Akajifuta mikono kwenye suruali. “Usinikasirikie, ami. Mimi tangu utotoni nikiusikia, nadhani ni mama anamwita mtoto aliyesafiri. Bibi harusi wa kuachiwa mlango wazi usiku kucha ni yupi? Si anasindikizwa na mji mzima!”

Redouane akacheka. Mimi nilitafuta kiti.

Miloud, miaka yote hii umenitania, ukiniuliza yule msichana wa kwenye wimbo alikuwa binti wa nani. Hakukuwa na msichana. Ulipopanda meli bila kuaga, mama hakukubali tena mlango ufungwe komeo. Baba aligomba, majirani wakatutisha na habari za wezi. Yeye akasema, “Akirudi usiku atabisha mara moja tu, kwa aibu, kisha ataondoka. Namjua mwanangu.” Mimi ndiye niliyelazwa ukumbini kulinda nyumba, na hapo sakafuni ndipo nilipoutunga. Niliuimba polepole, vilevile kama Sihem. Bwana aliyenirekodi ndiye aliyesema watu wanataka kucheza, akaukimbiza, ukapendwa, nami nikanyamaza. Mama aliusikia mara ya kwanza harusini kwa jirani. Alipiga vigelegele na wenzake, lakini alikuwa ananitazama mimi, si bibi harusi.

Nimeuacha wimbo wa Sihem palepale ulipo. Aliniomba nimpigie kodiani mwishoni, nikapiga. Ukisikia mahali vidole vinateleza, ni mimi. Walitaka turudie, nikawakatalia.

Usikilize kwanza peke yako, kaka, halafu umwite Zoulikha. Kheira anamsalimu sana, na anauliza kama viungo alivyomtumia vilifika au vimeliwa njiani. Wabusu watoto, uwaambie ami yao bado ana sauti, hata kama ni ya kugombana. Na Ijumaa ukipiga simu, si lazima tuyataje haya. Tunaweza kuongea habari za mpira.

Mdogo wako akupendaye,
Bouziane