Fremu Kumi na Tisa

Nyumba ya mlango wa kijani,
Ghorofa ya pili,
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo wewe, na magoti yako hayajambo? Nayauliza kando kwa sababu ninyi hamsemi lugha moja: mdomo unadai mzima, magoti yanapanda ngazi yakilalamika. Na cherehani, bado inakohoa? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umenishikisha kalamu.

Kazi yangu unaijua juu juu. Nasikia huko mnasema nafuga viwavi. La, vifukofuko vya hariri ambavyo viwavi hujifungia ndani hutufikia vikiwa vikavu, kwenye maboksi. Tunavichemsha, tunayeyusha hariri yake, kisha tunaitandaza iwe utando mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Tunataka utando huo uwe kiraka cha kushikilia kano za bega zilizochanika, ndani ya mwili wa mtu. Kabla haujafika huko, kazi yangu ni kuuchana. Nautia mkato mdogo pembeni, mashine inauvuta, nami napima utavumilia mzigo gani kabla mkato haujakimbia. Miaka kumi na moja naitwa mtaalamu kwa kuchana vitu!

Hayo ulinianzishia wewe kabla ya chuo chochote. Hukuwa unashindana na kitambaa. Ulikitia jino pembeni, kikaachia chenyewe. Halafu ulinifumbisha macho, ukanipa vipande nipapase, nikuambie ukingo upi umekatwa kwa mkasi na upi umechanwa. Nikikosea, rula ilishuka kidoleni.

Sasa nisikilize. Meno ya mashine huuchubua utando, kwa hiyo tunaugundisha kwenye fremu ndogo ya karatasi ngumu, na mashine inabana karatasi. Kabla ya kuvuta, lazima ukate pande mbili za fremu, ili mzigo wote ubebwe na hariri. Usipokata, unapima karatasi huku ukiisifu hariri.

Mwezi jana tulihamishwa chumba. Fundi wetu wa mitambo, tunayemwita Hatupi kwa kuwa hajawahi kutupa hata msumari, alinishushia boksi la fremu zangu za mwaka wa kwanza, zile zilizonipa jina. Nikaokota moja, nikapitisha kidole gumba. Ukingo mmoja ulikuwa laini. Wa pili ulikuwa na nyuzinyuzi.

Shangazi, nilijua kabla macho hayajaona. Nikashika nyingine, na nyingine. Fremu kumi na tisa kati ya ishirini na nne, upande wa nyuma mkasi haukufika mwisho. Sehemu iliyobaki ilichanwa na mashine. Mwandiko juu yake ulikuwa wangu. Nilikuwa na haraka, nami haraka yangu unaijua tangu nishone mfuko wa suruali ukafungika juu.

Na wakati huo daktari wa upasuaji tunayeshirikiana naye alikuwa ameshampata mgonjwa wa kwanza, mama mmoja anayepaka rangi majumba, bega la kulia limechanika. Kiraka kilikuwa kiingie mwezi ujao kwa kuamini namba zangu.

Siku mbili nilinyamaza. Nakiri. Nilijiambia, nani atapapasa boksi la Hatupi? Kisha nikakumbuka lile gauni la bibi harusi ulilolifumua kwapa zima, wenyewe wameshakuja kulichukua, kwa kosa ambalo hakuna ambaye angeliona. Nilikuuliza kwa nini. Ukanijibu bila kuinua kichwa, "Atainua mkono."

Nikampigia daktari. Nimewaandikia jarida waiondoe makala yangu ya vipimo vile. Nilikuwa nikabidhiwe uongozi wa maabara. Hilo nalo limesimama. Vipimo nimevirudia: hariri peke yake ina nusu tu ya nguvu niliyoitangaza, na kwa bega haitoshi. Naona aibu, nimelia, lakini usiwe na wasiwasi, nakula.

Yule mama nilimwendea mwenyewe kumweleza. Akaniuliza, sasa ni lini? Nikasema sijui. Tulipoagana alinipa mkono wa kushoto, wa kulia hauinuki.

Nina ombi. Ile picha yangu ya gazetini uliyoitundika juu ya cherehani, ishushe. Najua kila mteja hulazimishwa kuisoma huku akipimwa kiuno. Wakiuliza imekwenda wapi, waambie ukweli wote.

Nisalimie Baba Mdogo, na binamu yangu Redio, ambaye nadhani ameshaisoma barua hii begani kwako. Mungu akuhifadhie macho ya kutunga uzi sindanoni, na magoti yakusamehe.

Nakupenda, na nakuhitaji,
Mwanao wa viwavi.

Tena: ndani ya bahasha nimeweka fremu moja. Fumba macho uipapase, kisha itundike pale palipokuwa na picha. Nikija likizo, rula iwe karibu. Kidole nitakileta.