Samiha na Kilometa Hamsini

Jumatatu, 9 Septemba 2024

Daftari langu, niwie radhi. Tangu plasta itolewe mguuni sijakuandikia hata neno — miezi saba! Nilikuwa naona haya. Wewe siwezi kukudanganya.

Habari ni hizi. Kifundo kimepona. Tarehe 29 nakimbia Pangani hadi Tanga, kilometa hamsini, mimi na jirani yangu Bibiana. Mimi! Niliyeitwa "mama kiguru" pale bombani.

Na Samiha nimemlikiza. Mwaka mmoja na miezi minne tu, ziwa basi. Jana mume wangu Nasri kampeleka Pongwe kwa mama mkwe, Bi Zuwena, mtoto akalisahau ziwa huko. Nisionekane, nisisikike hata kwenye simu, wiki tatu. Ndivyo tulivyolikizwa sote. Lakini wiki nilizihesabu mwenyewe. Zinaishia siku ya mbio.

Bi Zuwena alipokuja kwetu kabla ya hapo aliuliza mbona mapema, haki ya mtoto si miaka miwili? Nikasema maziwa yamekauka. Akanishika mkono. Kama Mungu kayakausha, mwanangu, huna dhambi.

Hayajakauka.

Alhamisi, 12 Septemba

Kilometa kumi na nane. Kifundo kimya. Nyumba nayo kimya — afadhali kilio. Njiani blauzi imelowa mbele. Bibiana akacheka: "Mama Samiha, jasho lako linachagua pa kutokea!" Nikacheka na mimi. Nikateremsha mtandio.

Jumapili, 22 Septemba

Kosa ni langu. Bibiana alisema leo tushike barabara ya Pongwe. Ningeweza kukataa. Sikukataa. Nilitaka kupita tu, nione nguo za Samiha kwenye kamba.

Alikuwa barazani, ndani ya beseni, anaogeshwa. Nikavuka upande wa pili, mtandio hadi machoni. Lakini mguu wangu wa kulia, tangu uvunjike, unatua kwa kishindo. Pa! Pa! Kuniona hakuniona. Kausikia mguu. Akainua kichwa, povu tele. "Ma!" Mikono juu.

Nikaongeza mwendo. Nimemkimbia mwanangu.

Bibiana akatazama saa yake: "Hii ndiyo kilometa yako ya kasi kuliko zote. Umeona chui, shoga?"

Jumatano, 25 Septemba

Nasri anasema mtoto hali chakula. Akisikia viatu vya mtu barabarani, anakimbilia barazani. Bi Zuwena anadhani ni meno.

Nikaenda kukimbia. Kilometa tano, nikarudi.

Ijumaa, 27 Septemba

Niko Pongwe. Samiha ana homa. Zahanati wamempima malaria, hana. Sikungoja wiki zitimie, nimekuja na ndala.

Bi Zuwena kafungua mlango. Shikamoo. Anaangalia blauzi yangu. Imelowa.

"Marahaba. Na haya ni nini, mwanangu?"

Nikasema yote. Mbio, wiki, yote.

"Ungeniambia unataka kukimbia, ningekuombea dua. Wewe ukamsingizia Mungu!"

Kisha akanisogezea mkeka. Kasema, ukimpa ziwa leo, umpe mpaka miaka miwili itimie. Mtoto halikizwi mara mbili.

Gari la kwenda Pangani linaondoka kesho saa tisa. Bibiana kapiga mara nne. Sijapokea.

Samiha kalala. Usoni mwangu hajataka kutazama. Ila mkono wake uko kwenye kifundo changu, pale palipokuwa na plasta, na nikisogea tu anakaza.

Nasri anamtuma bodaboda, anauliza alete nini. Naandika hapa kwanza, nisisahau. Kikombe cha Samiha chenye kifuniko cha bluu. Dawa ya homa, ile ya maji, iko juu ya friji. Nepi za kitambaa, nne. Kanga yangu ninayolalia, isifuliwe. Raba za kukimbilia — nimefuta. Raba, na soksi nene, mfuko wake mbali. Na dera lenye vifungo mbele, lile la kunyonyeshea. Hilo liwe juu kabisa.