Diski Iliyogonga Hadi Ijumaa

Mama,

Jumamosi mashine yako iliondoka Miyuji. Mjomba aliilaza kwenye gari lake kati ya magunia matupu, akaifunika kwa kanga yako ya kijani, akaenda nayo Kibaigwa. Asubuhi hiyo tulikuwa tumemaliza arobaini yako na ndugu wakagawana vitu. Shangazi alipata sufuria kubwa, Mjomba akapata kompyuta. Sikulia. Nilikuwa nimeshalia Ijumaa.

Unakumbuka ile sauti? Ko. Kimya. Ko, ko. Ilianza ungali mzima. Nilipokuuliza ukasema, "Inazeeka kama mimi, iache," ukaifunika mashine kwa kitambaa cha meza. Ulifunika kila kitu, Mama. Hata maumivu ya kifua uliyafunika kwa chai ya tangawizi ukaenda kufundisha. Mimi niliyesoma mpaka chuo kikuu nilikaa chumba kimoja na sauti mbili zinazoniita, sikusikia hata moja.

Humo ndani mlikuwa na nyimbo zako zote. Miaka yote ile ya kwenda vijijini na kamera, wanawake wachezao muheme wa Wagogo wameshika ngoma kati ya magoti, wewe nyuma yao ukieleza maneno yao ya Cigogo kwa Kiswahili ili mimi niliyekulia mjini nielewe. Wengi wao wameshakufa. Bibi Nyemo, kiongozi wao wa nyimbo, naye amekwenda. Nyimbo hizo hazipo mahali pengine popote. Nilikuta folda uliyoiita "Nakala ya Akiba" nikamshukuru Mungu, kisha nikaona imo humo humo, kwenye diski ile ile inayogonga.

Wiki moja kabla ya arobaini Mjomba alikuwa ameshaitaka mashine, akanipa hadi siku hiyo. "Toa picha zako, mpwa wangu. Mimi nataka mashine. Nitaifuta niweke mambo ya mahindi."

Nikaanza kwa kukosea. Nilinunua diski ya nje mjini, kwenye meza ya barabarani, kwa sababu ilikuwa kubwa kuliko zote. "Dada, hii inameza nchi nzima," muuzaji aliniambia. Ilimeza kweli, siku mbili, polepole. Nilipoifungua kwenye kompyuta yangu ya mkononi majina yote yalikuwepo: Bibi Nyemo wa kwanza, Bibi Nyemo wa pili, wanawake wa kisimani. Kila nililolibonyeza, giza. Hakuna sauti. Ilikuwa kama kusoma majina kwenye misalaba. Diski ile ilikuwa ya bandia, inahifadhi majina tu, na siku zile mbili yako ilikuwa ikigonga bure.

Alhamisi nikaibeba mashine hadi Kizota kwa Fundi Rama. Aliiwasha, akasikiliza kidogo tu, akaizima haraka.

"Dada, hii kila ukiiwasha unaimaliza. Usitafute diski inayobeba sana. Tafuta inayopokea haraka, maana huyu mgonjwa hatakusubiri." Akaiona nguo yangu nyeusi. "Samahani. Pole sana."

Akanipa ndogo, unene wa kiberiti, zile zisizozunguka ndani wanazoziita SSD. "Chomeka nyuma, tundu la buluu. Ukichomeka mbele utazeeka hapo. Na utumie waya wake, usiniletee waya wa kuchajia simu. Anza na kile usichoweza kukikosa. Usifungue hata kimoja kuangalia."

Nikamuuliza kama hii mpya nayo itagonga siku ikiugua.

"Hizi hazigongi," akasema. "Zikifa, zimekufa."

Ijumaa asubuhi nilikaa mbele ya mashine na orodha. Mwishoni kabisa palikuwa na folda ambayo sikuwahi kuiona. "Ya Seche." Yaani yangu, ya wiki zako za mwisho. Ndani, mafaili saba.

Nilipokuwa mdogo, mezani kwetu mgeni alipakuliwa kwanza. Mimi nikilikodolea macho paja la kuku, uliniinamia ukanong'ona, "Wewe ni wa hapa, hutakosa." Na kweli, sikuwahi kukosa. Basi nikaipanga orodha hivyo, Mama. Wageni kwanza, wale wanawake wako, na yangu mwisho. Sikufikiri hata kidogo, mkono ulijua wenyewe.

Walipita haraka. Kijiji baada ya kijiji, kazi iliyochukua siku mbili ikaenda kwa saa chache. Lakini kugonga kulizidi kukaribiana, kisha kukawa mkwaruzo, kama mtu anayekwangua ukoko wa ugali. Kabla ya saa saba mchana wanawake wako wote walikuwa wamefika, mpaka Bibi Nyemo. Nikaipeleka "Ya Seche."

Faili moja lilivuka. La pili likaanza. Ko.

Haikugonga tena. Haikuwaka tena.

Hilo moja ni la sekunde kumi na tisa. Umekaa kwenye kiti cha sebuleni, umejifunga kitenge kichwani. Unaikaribia kamera, unasema, "Seche." Unageuka kutazama mlango. Labda ni mimi niliyekuwa naingia, natoka kazini. "Subiri kwanza," unasema, unainuka, unazima. Uliyotaka kuniambia yalikuwa kwenye yale sita.

Fundi Rama alimwekea Mjomba diski nyingine. Ya zamani niliichomoa. "Unabaki na bati, Seche?" Mjomba alinicheka. "Wewe ukifa utazikwa na simu." Bati lenyewe liko kabatini, nimelifunga kwa kile kitambaa cha meza. Wapo mafundi Dar wanaozifungua, lakini Rama anasema kulifungua kunaweza kukwangua hata kilichobaki. Sijathubutu.

Ninapoandika haya hii mpya iko mezani. Haitoi sauti yoyote. Kila baada ya muda naigusa nijue kama ina joto.

Nakuahidi hili. Nitanunua ya pili, ikae kwa Shangazi, nyumba nyingine. Na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nitawafungua wageni wako wote niwasikilize, mmoja mmoja, nisingoje kitu kinigongee tena. Mtu wa nyumbani akiniambia "iache," sitaiacha.

Lala, Mama. Wageni wamekula, wameshiba.

Mimi bado nasubiri, kama ulivyosema.

Mwanao,
Sechelela