Mpita Njia Anagombea Kitongoji

Jumapili, 20 Oktoba

Sikuomba mimi. Wenzangu wa matanuruni ndio walioniingiza kwenye uchaguzi huu. Chanzo ni maji. Anatoli, mwenyekiti wa kitongoji, kafunga bomba la mkono kwa kufuli – wenyeji wachote kwanza, sisi wafyatua tofali baadaye, yakibaki. Esperansia anayetupikia alimwuliza kwa nini. Kajibiwa: nyie ni wapita njia tu.

Wapita njia! Miaka tisa niko hapa Biharamulo. Mgongo wangu umeishia kwenye udongo wao.

Jeremia, mwenzangu wa tanuruni, kanipeleka kwa katibu wa chama kingine, hawakuwa na mgombea huku. Nikamwambia nimeishia darasa la tano. Akasema kusoma unajua, inatosha. Anza na misiba, akasema, uonekane unabeba jeneza. Na usinunulie mtu pombe.

Pombe kwa hela ipi?

Jumamosi, 26 Oktoba

Fomu nimechukua. Jioni nikafyatua tofali kama kawaida, wakaniita Mheshimiwa. Mheshimiwa, lete maji! Mheshimiwa, udongo umekauka! Nimecheka mpaka mbavu zikauma.

Ijumaa, 8 Novemba

Pingamizi. Anatoli kaandika kwamba mimi si raia, ni Mrundi. Kisa, alinisikia nikiongea na dada kwa simu. Kihangaza kile, kinafanana tu na Kirundi! Ngara nzima wanaongea hivyo.

Kitambulisho cha taifa niliomba zamani, sijapewa. Ofisini kwa msimamizi wa uchaguzi wamesema nilete mzazi aje athibitishe.

Sijalala vizuri. Wenzangu wanasema nikienguliwa, bomba ndiyo basi.

Jumapili, 10 Novemba

Nimempigia simu baba, kijijini Bukiriro, Ngara. Alianza kwa kufoka. Eti unatawala kwa watu, migomba yangu anailima nani? Tangu mama afe ananidai nirudi, na kila mwaka namwambia mwakani. Nilipomweleza naitwa Mrundi, akanikatisha: nakuja.

Jumanne, 12 Novemba

Naandika hapa nje ya ofisi, tumeambiwa tusubiri uamuzi.

Baba kafika na basi, kavaa koti lake la kanisani, mkononi kidumu cha rubisi. Nikamwambia pombe haiingii ofisini. Yaani niende kwa watu mikono mitupu? Kanuna, kakiacha mlangoni.

Akasalimia kwa Kihangaza. Anatoli karuka: "Mmesikia? Kirundi hicho!" Baba akamgeukia, kwa Kiswahili sasa: "Kijana, mimi nimebatizwa Rulenge, Ngara. Baba yangu kabatizwa Rulenge. Unabisha? Twende nikuonyeshe makaburi." Watu wakacheka. Hata yule mama anayesimamia kikao. Nikapumua.

Akaulizwa, huyu ni mwanao? Ndiyo, Renatus, wa pili. Kwao wapi?

Baba akasimama. Namjua akisimama hivyo.

"Kwao Bukiriro! Nyumba yake nimemjengea mwenyewe, kwenye migomba. Hata pa kuzikwa nimeshamwonyesha, pembeni ya mama yake. Huku hana kwake. Huku anapita tu, akimaliza tofali za watu anarudi."

Nikamkanyaga. Akaniuliza kwa sauti kubwa, unanikanyagia nini!

Anatoli hakubisha tena. Alisimama taratibu, mpole kabisa. "Mama, mgombea si anatakiwa awe mkazi wa hapa? Naomba maneno ya mzee yaandikwe kama yalivyo."

Mama yule akaandika.

Katibu wa chama kaninong'oneza: uraia umepita. Hilo la pili, la ukazi, hajui. Esperansia na wenzake wako kule getini na ndoo tupu, wananionyesha dole gumba. Sijawaambia kitu.

Baba kakaa kwenye ngazi, anajimiminia rubisi yake. Ana furaha – sijamwona hivi tangu mazishi. "Nimekutetea, eh? Wamejua una kwenu." Nikasema ndiyo, baba. Ahsante.

Kanisogezea kikombe. Anauliza nitarudi lini.

Mlango umefunguliwa. Wanaita jina langu, na yeye bado ananiangalia, anangoja nijibu