Mavyaa Wangu Hutema Damu na Ameniapisha Nisiseme

Na kweli imekuwa vile ulivyoniandikia mwaka jana, Bi Mahfudha mpendwa, kwamba nisimkatae Zubeir kwa sababu tu anafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi kule Gongoni na mikono yake imekakamaa, kwa kuwa mkono uliokakamaa nao hujua kushika taratibu, na sasa tumeoana tangu Shaaban na nakuandikia kutoka nyumbani kwetu Mambrui, na hilo neno "kwetu" nimeliandika kisha nikalisoma tena kabla sijaendelea. Huja kila Alhamisi jioni, chumvi imemganda hata kwenye kope, na hata siku moja hakosi kuniletea vilua viwili vitatu, yale maua ya kunukia, amevifunga ndani ya kitambaa chenye maji ili visinyauke njiani, nami huvivaa hadi vigeuke rangi, na hata vikigeuka sivitupi.

Lakini leo siombi ushauri juu yake, naomba juu ya mama yake, Bi Mishi, na hata kukuandikia ni kama kuvunja ahadi.

Mavyaa wangu ana miaka sitini na mitatu, alinipokea mlangoni kwa udi na marashi akaniita mwanangu kabla sijavua viatu, na kwa kuwa mimi mama yangu mzazi alifariki nikiwa kidato cha pili, niliapa moyoni kwamba huyu sitamwacha apungukiwe na kitu. Nikajifunza uraibu wake. Kila baada ya chakula cha mchana nafuta jani la tambuu, napaka chokaa, natia katu na popoo niliyoiponda kwa kuwa haing'ati tena, na tumbaku kidogo ambayo yeye husema inakaza meno, nakunja, nampa kwa mikono miwili. Midomo yake ilikuwa myekundu na kopo lake la kutemea lilikuwa jekundu, nami sikuwaza lolote, kwani tambuu ndiyo rangi yake.

Ukaja mwezi wa Ramadhani, na mchana wa Ramadhani halitafunwi jani. Siku ya tisa, saa nne za asubuhi, nikaenda kulimwaga lile kopo nikakuta ni jekundu vilevile. Bi Mahfudha, nikafanya utovu wa adabu ambao naujutia hadi sasa. Nikamuuliza, "Mama, umekula tambuu?"

"Wewe ni mwana wa skuli," akasema. "Hebu tazama vizuri. Hiyo ni tambuu?"

Kisha akafungua kinywa. Ufizi umevimba na kuwa mweusi-mwekundu, umerudi nyuma hadi meno yanaonekana marefu, na jino moja la chini alilisukuma kwa ulimi likacheza kama mlango uliolegea bawaba, na ikanijia ile harufu ambayo karafuu na hiliki za tambuu zilikuwa zikiifunika siku zote. Akaniambia ni mwaka wa pili. Mswaki aliuacha, kwa sababu kila akiutia damu hutoka, na Ramadhani huogopa kuimeza ikamharibia funga.

Nikasema, "Basi nimwambie Zubeir."

"Umwambie nini? Kwamba mamake ananuka kinywa? Mtoto niliyekuwa nikimbusu huyo."

"Basi twende hospitali sisi wawili."

"Watayang'oa yote. Watu bado wanakuja kumtazama bibi arusi, waje wanikute kibogoyo, wadhani mimi ndiye nyanya wa nyanya yako." Akacheka, amejiziba kinywa kwa leso, kisha akaacha kucheka. "Apa kwamba hutamwambia mwanangu."

Nikaapa.

Tangu hapo nimefanya yale ambayo mapenzi yamenionyesha. Kwa kuwa hawezi kutafuna nampikia vilaini, uji wa mchele wenye maziwa na sukari, tende nilizozisaga, halua, na chai ya vijiko vinne ambayo huchovyea mkate wa mofa. Namtilia chumvi ya Zubeir kwenye maji ya uvuguvugu asukutue, na husema yanampoza. Lakini naona anaisha, leso yake moja sasa inamzunguka mara mbili, huchoka hata akiwa amekaa, mtungi wa maji ya kunywa naujaza mara mbili kwa siku kwa ajili yake peke yake na kila saa yuko njia ya chooni, na kile kidonda cha kidole cha mguu alichojikwaa tangu kabla ya arusi yetu bado naosha na bado hakijafunga. Jirani yetu Kache, anayetuletea maziwa, ananiambia, "Uzee huo, mwanangu. Hata mama yangu kule Vitengeni meno yalikwenda hivyo hivyo." Nami nilikuwa karibu kuamini.

Ila Alhamisi iliyopita Zubeir aliacha kula, akaniuliza polepole ili mama asisikie, "Shekha, mbona mama hacheki tena na mimi? Kila nikikaa karibu anageuza uso. Nimemkosea nini?" Nami nikatazama sahani nikasema sijui. Huo ndio uongo wangu wa kwanza kwa mume wangu, na tuna miezi miwili tu. Nikisema, nimemsaliti mama niliyepewa badala ya yule niliyempoteza. Nikinyamaza, Zubeir anadhani mama yake amemchukia. Nifanye nini, Bi Mahfudha?

Ni mimi, Shekha, Mambrui

*

Shekha,

Majina nimeyageuza kabla ya kuichapisha barua yako, usihofu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilitabasamu kwa ajili ya vile vilua. Mara ya pili nilikaa wima.

Umeniuliza habari ya kiapo, na kiapo tutakifikia. Kilichonishtua ni yale uliyoyaandika kwa kupita, kama mtu anayetaja vyombo vya jikoni: mtungi unaojazwa mara mbili, safari za chooni, leso inayozunguka, kidonda kisichofunga. Niliichukua barua yako, bila jina, nikamsomea daktari wa meno ninayemjua hapa mjini. Nilipomaliza hakuniuliza habari ya jino. Aliuliza, "Huyo mama amepimwa sukari?"

Sikiliza vizuri. Uchafu ukikaa kwenye shina la jino huganda ukawa kama jiwe. Ufizi huvimba, hutoka damu, hubanduka kwenye jino, na mfupa ulio chini huliwa kidogo kidogo, mara nyingi bila maumivu, ndiyo maana watu husema ni uzee. Uzee hautoi damu, mwanangu. Huo ni ugonjwa. Na mwenye kisukari ufizi wake huoza upesi kuliko wa mwenzake, na vidonda vyake huchelewa kufunga. Tena kinywa chenye usaha hufanya sukari yenyewe iwe ngumu kutulia. Magonjwa hayo mawili yakikutana kwa mtu mzima, kila mmoja humlisha mwenzake. Sisemi Bi Mishi anacho kisukari, mimi si daktari. Nasema apimwe wiki hii, wala asingoje nyingine, na kile kidole cha mguu kitazamwe siku hiyohiyo, maana kidonda cha namna hiyo kimewahi kumpotezea mtu mguu.

Sasa acha nikugombeze kidogo, maana umesoma. Vijiko vinne vya sukari, na halua, na tende juu yake? Ikiwa daktari amedhani sawa, basi unampa kwa mikono miwili kile kinachommaliza. Acha leo. Mtengenezee mchuzi wa samaki uliyemchambua miiba, mchicha, kunde zilizoiva sana, uji usio na sukari. Na hiyo tambuu: chokaa na tumbaku hazikazi meno, zinaunguza ufizi, na wekundu wake umemfichia damu miaka miwili. Nayo iache. Maji ya chumvi endelea nayo, yanapoza, ila hayatibu. Atanuna. Mvumilie.

Usijilaumu kupita kiasi. Kama usingekuwa mtu wa kulimwaga kopo lake kwa mkono wako mwenyewe, hata leo hakuna ambaye angejua.

Kiapo chako kilikuwa kwamba hutamwambia mwanawe. Hukuapa kutomwambia Bi Mishi mwenyewe. Basi kaa mbele yake, mshike mkono, umwambie haya yote kama nilivyokwambia, kisukari na mguu pia. Usimfiche neno. Kisha mwambie wewe mwenyewe unataka meno yako yatazamwe Malindi, na bibi arusi wa miezi miwili hatoki kwenda hospitali bila mavyaa wake. Hatakuacha uende peke yako, ninawajua wanawake wa Mambrui. Watu watakaowaona mkipanda gari watadhani una mimba. Waache wadhani. Mkifika, kaa wewe kwanza kwenye kile kiti, ufungue kinywa, naye akutazame hadi mwisho. Ndipo zamu yake.

Mwambie pia kwamba hawayang'oi yote. Yaliyolegea kabisa huenda yakatoka moja au mawili. Yaliyobaki hukwanguliwa na kusafishwa, na ufizi hurudi kushika. Aanze tena kupiga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, mswaki laini, hata ukitoa damu, kwani kuuacha ndiko kulikozidisha. Habari ya funga yake muulizeni maalim, si mimi.

Na Zubeir. Alhamisi hii usitazame sahani. Mwambie, "Mama hajakukasirikia. Ana jambo lake, na atakwambia mwenyewe." Huo si usaliti, na wala si uongo. Kisha mpe Bi Mishi nafasi ya kusema kwa kinywa chake. Mwana aliyebeba chumvi miaka yote hiyo kwa ajili ya mama yake hatakimbia harufu. Kinachomuuma ni ule uso unaogeuzwa.

Nina shangazi yangu Mambrui ambaye sijamwona tangu mwaka juzi. Kabla mwezi huu haujaisha nitafika kwake, na nikitoka hapo nitapiga hodi kwenu, kama mgeni mwingine yeyote aliyekuja kumtazama bibi arusi. Kahawa yangu niwekee chungu. Nitakaa karibu na Bi Mishi, nimchekeshe, nitazame kama bado anaziba kinywa kwa leso. Na nikikuta hamjakwenda, sitavua buibui. Tutaondoka sote watatu.

Bi Mahfudha