Mama Amani Alikuja Kunichukua Twende Ziwani

Jumapili, katikati ya Julai. Kibaridi tangu asubuhi, na vumbi la kiangazi limetanda juu ya mji.

Leo nimelala mpaka jua likapanda. Nikanywa chai ya tangawizi, nikafua mashuka, nikakaa barazani pekupeku, sina haraka ya kwenda popote mpaka mchana. Zamani nilizipenda asubuhi za namna hii. Siku hizi zinaniachia muda mwingi mno wa kuwaza.

Mwezi wa tatu Amani alinipigia simu kutoka Mwanza, akasema tusiendelee. Alikuwa ameshanivisha pete, na kwao walishaleta barua. Hakunigombeza wala hakulia. Aliongea kwa utulivu, kama mtu anayeahirisha safari. Tangu hapo kila anayeniuliza namwambia nimeshapona.

Sijapona. Nimekuwa nikimsubiri arudi.

Mchana nikasikia hodi. Alikuwa mama yake. Mama Amani ni mjane, anakaa Ujiji. Watu wake walivuka ziwa kutoka Kongo yeye akiwa msichana, na Kiswahili chake mpaka leo kina ladha ya ng'ambo. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa sekondari. Huyu ndiye aliyenifundisha kupika sombe, kisamvu cha kwao, ndiye aliyelala chini kwenye mkeka hospitalini nilipofanyiwa upasuaji. Uchumba ulipovunjika yeye hakuvunja chochote. Jumapili zote nimeendelea kwenda kula kwake, na hatukuwahi kulitaja jina la mwanawe.

Leo amenifuata mwenyewe. Nikamwamkia, akaitikia akiwa amesimama pale pale mlangoni. Akasema nichukue mtandio, twende tukapunge upepo ziwani.

Tulipanda bajaji hadi Bangwe, tukashuka kwenye mchanga. Upepo wa kusini ulikuwa unavuma, maji ya kijivu, na milima ya Kongo haikuonekana kabisa kwa ukungu. Wanawake walikuwa wanageuza dagaa kwenye vichanja. Alinishika mkono, tukatembea polepole kwa sababu ya goti lake. Akanisimulia habari za kuku wake wanaougua, na za mama mmoja wa kwaya anayeimba kwa sauti kuliko wote na hajui nyimbo. Nilicheka. Kwa kitambo kile, nakiri, nilikuwa na raha.

Kisha akaomba tukae. Akakaa juu ya jiwe, akautazama mchanga.

"Mtoto yangu," akasema, "Amani anakuja mwezi ujao. Anakuja na mwanamke. Watafunga ndoa hapa."

Masikio yalijaa upepo.

Akaendelea taratibu. Alisema hakutaka niyasikie saluni kwangu, nikiwa nimeshika kichwa cha mteja, watu wote wananitazama usoni. Alisema Amani hajui kwamba amekuja kwangu. Alisema siku hiyo atapika, atacheza, atampokea yule binti, maana ni mwanawe na hawezi kumkana.

"Lakini wewe usiache kuja," akasema. "Kwangu ni kwako."

Hapo ndipo nilipolia. Simu ya Mwanza sikuililia hivi. Nililia kwa kuwa niliona wazi kwamba nimekuwa nikienda Ujiji kumpenda yeye, ni kweli, lakini pia kukaa karibu na mlango ambao Amani angeingilia. Sasa ataingia. Na kando yake kutakuwa na mkwe, na mkwe huyo hastahili kunikuta jikoni nimejifunga kanga kama mwenye nyumba.

Nikamwambia, "Mama, sitakuja tena."

Nilitamani abishe. Angebisha kidogo tu, ningekubali. Lakini alitikisa kichwa kuitikia, akanifuta machozi kwa ncha ya kitenge chake, kisha akaniomba nimsaidie kuinuka.

Tulirudi tumeshikana mikono vile vile. Barabarani akapanda bajaji ya Ujiji, mimi nikarudi kwangu Buzebazeba kwa miguu.

Jioni hii alinipigia kuuliza kama nimefika. Nikamwambia nimefika. Hakusema neno lingine, na hakukata. Nilikuwa nasikia sufuria zake, na redio ya jirani, na yeye akipumua. Nikasikiliza. Ningeweza kukaa hivyo mpaka asubuhi, na Jumapili ijayo ningejikuta mlangoni kwake nikipiga hodi.

Mimi ndiye niliyekata.

Sasa nimekaa kitandani, mashuka bado yana ubaridi wa nje. Mtu akiachwa na mwanamume, mashoga wanakuja, wanamtukana huyo mwanamume, mnacheka. Ukiachana na mama mtu, wanakuja kusema nini?

Kesho nafungua saluni kama kawaida. Jumapili ijayo ndiyo sijui nitaiweka wapi.