Chuo Kimekukubali

Jumatatu, 7 Agosti 2017

Lifti bado imekufa. Nimepanda ngazi na mkate, maziwa na kitabu cha jiolojia. Nimesimama kila kona kama mwizi anayesikiliza. Moyo unadunda hadi masikioni. Mlinzi wa jengo amenicheka, akaniita mama mkubwa. Nina miaka ishirini na moja.

Solange yuko kitandani. Hajarudi darasani tangu azimie kwenye jaribio la sheria wiki iliyopita, mbele ya ukumbi mzima. Tunaishi chumba kimoja mwaka wa pili sasa, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa mlango. Amejifunika shali hadi kidevuni. Mwembamba, macho makubwa. Hata kuumwa anaumwa vizuri.

Nimekula nusu ya mkate nikiwa nimesimama. Sikuwa na njaa.

Jumatano, 9 Agosti

Sikukuu ya wanawake ya nchi hii ya kusini, chuo kimefungwa. Kina mama wa kanisa wamekuja kumwona Solange. Ni kanisa la Wakongo, mimi Mtanzania nimejibanza humo kwa sababu wanasali Kiswahili na chakula chao kinanukia kama cha kwetu Kigoma. Mbele yao Mama Shukuru, fundi cherehani, kiongozi wao. Amebeba sufuria kichwani hadi juu, kwa ngazi zilezile, na hakuhema.

Wamemshika Solange mikono, wameomba, wamelia kidogo. Wamesema chuo kinanyonya watoto damu. Kisha Mama Shukuru amegeuka, akanifinya shavu.

"Lakini muangalie Yusta," akasema. "Huyu, chuo kilimukubali."

Wote wakacheka kwa upendo. Kwao na kwetu hakuna sifa kubwa kuliko hiyo: umenenepa, kwa hiyo mambo yako mazuri. Kisogo kilikuwa kinanigonga tangu asubuhi. Nikasema asante, mama.

Hakuna aliyeniuliza nalala saa ngapi. Silali. Nasoma, nakula, nasoma, nakula, kunakucha. Solange akiogopa mitihani chakula hakimpiti kooni. Mimi nikiogopa, hakuna kinachobaki kabatini. Hofu ni ileile. Yeye amepata maombi, mimi nimepata kufinywa shavu.

Namwonea wivu. Nimeandika. Basi.

Ijumaa, 11 Agosti

Jaribio la hesabu. Nimejibu maswali mawili, mengine nimeyatazama tu yakanitazama.

Nimepita kwenye spaza, kile kiduka cha kona, nimenunua kota, ule mkate uliotobolewa ukajazwa chipsi, soseji na achari. Nimeimaliza kabla ya robot ya pili, ndivyo wanavyoita taa za barabarani. Nimefika nyumbani, sufuria ya Mama Shukuru iko juu ya jiko, imejaa vilevile. Ya pili hii, ameleta jana. Sombe, kisamvu chao, yenye mawese, dagaa wakubwa, bugali umefungwa kwenye mfuko. Solange amelala, uso ukutani.

Nimefunua kidogo nionje chumvi.

Nimekula yote. Nimelamba mwiko. Nilikuwa naona nyumbani kabisa, mama ananimegea, ananiambia nile taratibu. Kisha nikaosha sufuria, nikaifuta, nikaiweka mahali pake. Chakula cha mgonjwa. Mtu mzima na akili zangu.

Jumamosi, 12 Agosti

Mama Shukuru amekuja kuchukua sufuria. Ameiona tupu, akainua mikono juu. Mungu ni mkubwa, mtoto amekula!

Solange ameitazama sufuria. Amenitazama mimi. Kisha akatazama dirishani, akasema asante mama, ilikuwa tamu.

Kwa nini amesema hivyo? Mama alipoondoka nilingoja anitukane. Ameomba chai tu.

Jumapili, 20 Agosti

Kanisani wametoa shukrani kwa ajili ya Solange. Mama Shukuru alisimama na kanga yake mpya, akaueleza mkutano kwamba mtoto sasa anakula, sufuria inarudi nyeupe. Vigelegele. Solange alikuwa amewekewa kiti cha mikono mbele, karibu na kinanda, na mto wa kuegemea. Mimi nilikuwa benchi la nyuma, lile linalolia nikikaa.

Sasa zinakuja sufuria mbili kwa wiki. Nazimaliza zote mbili. Solange analala zinapokuja, au anajifanya amelala. Nimeanza kuamini anajifanya. Hilo nalo linanikera. Anipige kelele, aniite mwizi, tumalizane.

Jumanne, 22 Agosti

Mama amepiga simu kutoka Kigoma. Nilimtumia picha. Kumbe ameizungusha mtaa mzima. "Umenawiri mwanangu. Jirani anasema na mwanawe atamleta huko huko."

Nilitaka kumwambia: mama, nikipanda ngazi naona nyota mchana. Nilitaka kumwambia kuna siku kwenye maabara mkono ulitetemeka hadi jiwe la sampuli likaniponyoka. Nikasema chuo kizuri, baridi tu ndiyo kali.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sijayaficha. Nimeyavaa hadharani na watu wanayasifu.

Ijumaa, 1 Septemba

Solange amerudi darasani. Mwalimu wake amemwongezea muda wa kuwasilisha kazi, hadi mwisho wa mwezi. Hakuomba hata. Mwalimu alimwona tu alivyokaa, mabega kama kiango cha nguo, akamwonea huruma.

Nami nikaenda kwa mwalimu wangu. Nilivaa koti jeusi nionekane mgonjwa. Nikamwambia siko sawa, silali, kichwa kinagonga. Amenitazama kwa upole kabisa, akasema mbona naonekana nimepumzika vizuri, nijitahidi kupanga muda wangu. Si mtu mbaya. Hilo ndilo baya.

Nimetoka nimesimama ngazini pale Braamfontein, mtaa wa chuo, basi la manjano limepita, watu wamejaa, wote wana sura za kuchoka na kila mmoja nimemwonea wivu kwa sura yake. Nataka mashavu yaanguke. Nataka shingo ionekane mishipa. Nataka mtu aniambie kaa, usinyanyue hicho, nitakubebea.

Nimenunua magwinya, maandazi ya huku, kwa yule mama wa pembeni. Moto, mafuta yanachuruzika. Ananipa la nyongeza kila mara kwa sababu anapenda msichana anayekula.

Jumatano, 13 Septemba

Mama Shukuru amenifuata chuoni, mwenyewe. Binti yake Shukuru anamaliza shule mwaka huu na maombi ya vyuo yanafungwa mwisho wa mwezi. Baba Shukuru hataki. Ni mlinzi wa duka kubwa, na kila siku jioni anawaona wanafunzi wakipita na makopo yale ya kinywaji cha kuongeza nguvu, macho mekundu. Amesema chuo kinakausha watoto, ushahidi ni Solange. Shukuru atafute kazi ya saluni, abaki na mwili wake.

Kwa hiyo mama anataka ushuhuda. Jumapili nisimame mbele ya kanisa, baba awepo, nieleze jinsi chuo kilivyo na afya kwa mtu. "Wewe hata usiseme mingi," akaniambia. "Simama tu. Watakuona."

Nimekubali. Ningemkatalia vipi, sombe yake iko tumboni mwangu?

Na tena, niseme ukweli, nimefurahi kidogo. Jumapili watanitazama mimi, si Solange.

Jumapili, 17 Septemba

Nimesimama.

Ukumbi uko juu, orofa ya tatu, ngazi nyembamba. Nilifika nimeloa jasho na siku yenyewe ya upepo. Mama Shukuru aliniita mbele kabla pumzi haijanirudia. Baba Shukuru amekaa na sare yake ya kazi, mikono kifuani. Shukuru pembeni yake, anatazama viatu. Solange kwenye kiti chake chenye mto.

Nilikuwa nimejiandaa. Chuo kina viwanja, kina maktaba yenye joto, kina marafiki. Nikafungua mdomo, nikawaona wote wanatabasamu, wananikagua toka juu hadi chini kama ng'ombe aliyenona mnadani. Moyo ukaanza. Ukumbi ukawa mbali.

Nikasema, "Mimi pia ni mgonjwa."

Kisha mama mmoja wa benchi la nyuma akasema, "Njo ugonjwa ya mukate hiyo!" Kanisa zima likaangua kicheko. Mchungaji alicheka akajifuta macho. Mama Shukuru alicheka. Hata Baba Shukuru alifungua mikono, akacheka, nadhani hapo ndipo alipoanza kulegea kuhusu chuo.

Na mimi nikacheka. Nilicheka nao kwa sauti kubwa, nikashika tumbo, nikawaambia naam, ya mkate. Wakapiga makofi. Nikarudi kwenye benchi langu.

Walionikasirisha si wao. Ni mimi niliyecheka.

Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa amejigeuza mzima kwenye kiti chake chenye mto kunitazama.

Jumatatu, 18 Septemba

Sikwenda chuo. Nimelala nimetazama ukuta, kama Solange alivyokuwa akifanya.

Mchana Solange amekuja kukaa kwenye kitanda changu. Hajawahi. Akakaa ukingoni, mikono magotini, akaongea bila kunitazama.

"Nakusikiaka ukipanda ngazi," akasema. "Kila siku nasikiaka. Unasimama, unapumua, unasimama. Weye uko mugonjwa, Yusta. Mi nilijua mbele ya weye kujua."

Nikamwambia kuhusu sufuria. Zote. Nilisema haraka, uso kwenye mto.

"Nilijua. Chakula hakikuwa kinapita. Nilikuwa naona haya kumurudishia mama sufuria imejaa, ananipikia na nguvu zake zote. Weye ulinisaidia." Akavuta uzi wa blanketi. "Nilikuwa nakuonea wivu. Nalala pale, nasikia kijiko chako, najiuliza ule mutu anamezaka namna gani."

Wiki hizi zote nimelala mita chache kutoka kwa mtu anayetamani koo langu, nami natamani mifupa yake. Na kanisa linamshukuru Mungu kwa sufuria.

Akasema kesho tunaenda kliniki ya chuo. Hakuuliza.

Jumanne, 19 Septemba

Kliniki iko nyuma ya maktaba. Nimeipita tangu mwaka jana nikidhani ni ya watu wengine.

Nesi ameniita sisi, ndiyo dada kwa lugha za huku. Amenifunga mkanda wa kupimia presha, haukutosha mkono. Nikataka ardhi ipasuke. Yeye wala hakujali, akafungua droo, akatoa mkubwa. Ametazama namba. Akahamia mkono wa pili. Ametazama tena. Akaacha kutabasamu, akavuta kiti karibu.

Aliniuliza nalala saa ngapi. Swali dogo hilo tu. Nimelia hadi akafunga mlango.

Presha. Iko juu sana kwa umri wangu. Vidonge, kurudi kila wiki, kuonana na daktari, kuonana pia na dada mmoja wa kuzungumza naye kuhusu hofu. Chumvi basi. Makopo ya kinywaji cha nguvu ninayokeshea basi. Barua kwa mwalimu ameiandika mwenyewe.

Chuo kimenipa ugonjwa na chuo kimenipa nesi. Mtu akiniuliza tena kina afya au hakina, nitamwambia inategemea nani anakutazama.

Solange alikuwa kwenye benchi nje, na kitabu chake cha sheria. Alikuwa hajafungua hata ukurasa. Baadaye naye aliingia, akapimwa uzito. Hajaniambia ni kilo ngapi na sikuuliza.

Jumamosi, 23 Septemba

Solange amemweleza Mama Shukuru. Yote, na sufuria. Kwanza mama alisema presha ni ugonjwa wa matajiri, wenye magari. Kisha akanishika shavu, lakini hakufinya. Akaacha kiganja chake hapo.

Hakuomba radhi. Kaleta sufuria mbili leo. Moja ya Solange, dagaa na mawese yanayong'aa. Moja yangu, mboga za kuchemsha, hakuna chumvi hata ya kusingizia. Nimeionea wivu sufuria ya Solange hadi machozi yakanilenga. Solange amekula vijiko vinne mbele yangu, polepole, kila kimoja kama anameza kidonge. Mama alikaa hapo hapo akimsimamia.

Shukuru ametuma maombi. Baba amekubali kwa sharti kwamba binti atakuja kulala kwetu mara moja kwa mwezi tumkague. Nilicheka. Tumkague sisi.

Alhamisi, 5 Oktoba

Lifti bado.

Tumetoka chuo pamoja. Joto limeanza. Solange amebeba mfuko wangu wa vitabu juu ya wake, nimemwambia alete, amekataa.

Tulipofika kona ya pili ya ngazi kifua kilianza. Sikusema. Nilikaza meno nikaweka mguu ngazi inayofuata.

"Tupumuzike," Solange akasema. "Mi nimechoka."

Akakaa chini kwenye ngazi, akapangusa vumbi pembeni yake nikae. Hakuwa amechoka. Hakuwa hata anahema. Tukakaa. Mtoto wa orofa ya juu alituruka akashuka mbio.

Nimemwonea wivu tena, kidogo, jinsi lile neno nimechoka linavyomtoka kirahisi. Kona iliyofuata nikalisema mimi.